Jino Lililolala

Mdomo wangu una mapengo mawili. La mbele, katikati ya meno ya chini, nililipata kwa mikono ya watu wangu nikiwa mtoto. La nyuma, upande wa kushoto, nililipata kwa Mjerumani nikiwa mke wa mtu. Wajukuu huniuliza la mbele kwa sababu wanaliona nikicheka, na huwa nawajibu kwa raha. La nyuma hawalijui. Lina habari ndefu, na kwa miaka mingi wenye habari hiyo walikuwa hai, nikakaa kimya. Sasa mama amekwenda, dada amekwenda, na mwanamume aliyekuwa mume wangu naye amekwenda, na sioni ninayemsitiri tena.

Niliota meno yangu kwetu Mvumi, na huko mtoto wa Kigogo aliyebaki na meno yote ya mbele alionekana hajakamilika. Fundi alikuja na kipande chake cha chuma. Shangazi alinibana kichwa mapajani mwake, fundi akapenyeza chuma kati ya jino na jino, akasukuma, likang'oka. La pili likafuata. Nililia mpaka nikapewa maziwa. Shangazi alinieleza kwamba ipo siku taya la mtu linaweza kufunga, na mwenye pengo hafi njaa kwa sababu uji utapita. Nilijua ananibembeleza tu. Taya la mtu lifunge kwa sababu gani?

Dada yangu, aliyepitia chuma kile kabla yangu, alikaa kando yangu siku hiyo akinipangusa damu kwa pembe ya nguo yake. Hakuchoka wala hakunicheka. Namkumbuka hivyo pia, na ndiyo maana hasira yangu haijaisha mpaka leo. Kama ningekuwa na mabaya yake tu ya kukumbuka, ningekuwa nimepona zamani.

Tulizaliwa wasichana wawili tu. Dada hakulelewa nyumbani tangu mwanzo. Alikulia kwa bibi yetu, juu milimani, akarudi kwetu akiwa tayari anaweza kubeba mtungi wa maji kichwani. Tuliambiwa mama alikuwa mgonjwa miaka ile, na mimi sikuwahi kuuliza ugonjwa gani. Dada alipoolewa Bahi, aliona kijana wa boma la jirani anayefaa, akamsifia kwangu na kunisifia kwake, na mwaka uliofuata nami nikaolewa huko huko. Nilifurahi kuliko anavyofurahi bibi harusi, maana nilikuwa nimepata mume na nimerudishiwa dada.

Reli ilikuwa imeshafika. Gari la moshi lilipita Bahi likitema cheche, na mume wangu alikuwa akikata kuni za kulisha hilo gari, akichunga pia ng'ombe wa baba yake. Tuliishi kwenye tembe moja na mama yake, tembe ndefu yenye paa la udongo, watu upande huu na ndama upande ule. Dada alikuwa akija mara kwa mara, mtoto wake mdogo mgongoni, na wengine wawili wakimfuata wakigombania mkia wa nguo yake.

Jino lilianza wakati wa kupalilia uwele. Mwanzoni nilihisi nyama iliyo nyuma ya gego la mwisho imenyanyuka, na kila nikitafuna naiuma. Chakula kikaingia chini yake, kikakaa, mdomo ukaanza kunuka hata mimi mwenyewe nikaona aibu kuzungumza na mtu kwa karibu. Nilimwambia dada. Alinikalisha juani, akaniingiza kidole mdomoni.

"Mdogo wangu, jino lipo," alisema. "Ncha yake naigusa. Lakini halijasimama. Limelala."

Akanichemshia maji yenye chumvi ya mbugani, nikasukutua, maumivu yakapungua, tukacheka. Siku chache baadaye yakarudi na jeshi lake. Shavu lilivimba, homa ikanishika, nikashindwa kugeuza shingo. Kisha asubuhi moja nikaamka na taya limefunga. Nilijaribu kupiga miayo, hakuna kilichofunguka. Wakanikatia utete, wakaupitisha katika pengo langu la mbele, nikanyonya uji kupitia hapo. Nilimkumbuka shangazi, nikamwomba radhi kimoyomoyo.

Sasa ni lazima niseme kuhusu kigego. Kwa wazee wetu, mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya ya chini alikuwa kigego, na kigego alikuwa mkosi. Ng'ombe wangekufa kwa ajili yake, mvua ingekatika, ndugu wangezikwa. Watoto wa namna hiyo wengi hawakuachwa wakue. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na sitaki kuipamba. Mama mwenye moyo aliweza kumficha mtoto wake mbali mpaka meno yote yatoke, amrudishe mdomo ukiwa umejaa, na hapo hakuna anayeweza kujua lipi lilitangulia.

Mwaka ule ndama walikufa kwetu. Mama mkwe hakuwa mtu mbaya, hilo nalisema kwa taabu. Alikuwa mtu aliyeogopa. Aliwahesabu ndama waliobaki, akaniangalia mimi na shavu langu, akayaunganisha. Nikamwona anazungumza na mume wangu nyuma ya tembe, naye mume wangu anachora chini kwa fimbo.

Dada alipokuja kunitazama, mama mkwe alimngojea mlangoni. Hakumkaribisha kukaa. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta kwenye kivuli, utete mdomoni.

"Kwenu Mvumi tumesikia tangu zamani kwamba mama yenu alimficha mtoto aliyeanza na meno ya juu," alimwambia. "Tulisema ni maneno ya watu, tukanyamaza, tukaoa. Sasa angalia ndama. Angalia na huyu, jino la utu uzima linamlalia ndani ya taya. Mko wawili tu. Ni yupi?"

Dada alikuwa na mtoto mgongoni. Alimpandisha vizuri, akaikaza nguo kifuani, akatazama chini.

"Ni huyu," alisema.

Nilitaka kusema. Sijui ningesema nini, maana hakuna mtu anayekumbuka meno yake ya kwanza. Lakini nilitaka kusema, na taya halikunipa nafasi. Nilitoa sauti kupitia pengo, uji ukanichuruzika kidevuni, na mama mkwe akarudi nyuma hatua moja. Dada hakuja kunipangusa.

Baya kuliko yote ni kwamba nilimwamini. Yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye aliyeniona nikikua. Nilijisemea kwamba kumbe alikuwa amenibebea siri hiyo miaka yote na leo imemshinda. Nililala pale ukutani nikimwonea huruma. Nikikumbuka huruma ile, natamani kutema mate.

Mume wangu alisema atanipeleka Dodoma, kwa daktari wa Kijerumani aliye kwenye boma la serikali, anayewatibu askari na wafanyakazi wa reli. Nilishukuru kwa macho. Alizungumza na mtu wa gari la moshi la mizigo aliyezoea kununua kuni zake, wakanipandisha juu ya magunia, akanipa kibuyu cha uji na utete mpya. Nikasogea kumpisha naye apande.

"Tangulia," aliniambia. "Nawanywesha ng'ombe, nakuja."

Hakuwa na ng'ombe wa kunywesha saa hiyo. Mdogo wake ndiye aliyekuwa malishoni nao, na sote wawili tulilijua hilo. Gari likaanza kwenda, naye akainua mkono kama mtu anayewaaga wageni.

Dodoma wakati huo ilikuwa stesheni, boma, maduka ya Wahindi na vumbi. Watu wa stesheni walinielekeza mpaka kwenye nyumba ya daktari, nikakaa kibarazani na askari mwenye jeraha la mguu. Daktari alikuwa mtu mrefu mwenye mikono myekundu. Msaidizi wake alikuwa mtu wa mjini, Mwislamu, ambaye wazee wake walikuja na misafara wakabaki, naye alijua Kigogo cha sokoni cha kutosha kunitafsiria. Daktari alinibonyeza shavu, akanitazama katika pengo la mbele, akasema maneno mengi. Msaidizi akayafupisha.

"Anasema hawezi kulitoa jino wakati taya limefunga na usaha umejaa. Kwanza tutoe usaha. Mdomo ukifunguka, ndipo atalitafuta jino."

Walipenyeza kisu chembamba pembeni ya shavu kwa ndani, na kilichotoka siwezi kukitaja mahali watu wanapokula. Nikalia kwa maumivu, halafu nikalia kwa nafuu. Kila siku walinisafisha kwa maji ya chumvi na dawa chungu, wakanitia kipande cha mti kati ya meno, wakanifundisha kukibana na kukiachia ili taya lijifunze upya. Mdomo ukafunguka kidogo kidogo, upana wa kidole, kisha vidole viwili. Neno la kwanza nililoweza kulitamka vizuri lilikuwa "maji". La pili lilikuwa swali.

"Muulize bwana daktari," nilimwambia msaidizi, "jino langu limelala kwa sababu mimi ni kigego?"

Msaidizi alikunja uso. Neno hilo alilijua vizuri, hata kwao pwani walikotoka wazee wake lilikuwepo. Nikaona kama hataki kulipeleka swali langu. Kisha akalipeleka kwa kirefu, na daktari akauliza tena na tena, kama vile haamini alichokisikia.

Jibu lake lilikuwa la kawaida mno, nikakasirika. Alisema taya langu ni fupi. Meno mengine yote yameshajipanga na kujaza nafasi, na gego la mwisho, linalokuja mtu akiwa amekua, limekuta hakuna mahali. Basi limelala kwa ubavu ndani ya mfupa, kichwa chake kimeelekea mbele, kinalisukuma gego jirani na hakipati njia. Nyama iliyobaki juu yake ndiyo inayofuga chakula, chakula kinaoza, usaha unakuja, misuli ya taya inakaza. Akasema hutokea kwa watu wa kila nchi, na meno ya utotoni hayahusiki hata chembe, yawe yalitangulia juu au chini. Mwisho akanyanyua mdomo wake mwenyewe kwa kidole, akageuka kwenye mwanga, akanionyesha. Nyuma kabisa, pande zote mbili, Mjerumani naye alikuwa na mapengo.

Nilitazama kinywa cha yule mtu kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Ng'ombe wa kwao walikufa wangapi kwa ajili yake?

Siku ya kulitoa waliniweka kwenye kiti chenye mgongo, dirishani. Daktari alinichoma sindano nyuma ya taya, na baada ya muda mdomo na nusu ya ulimi vikawa vya mtu mwingine. Alichana ufizi, akaufunua. Kisha akachukua patasi ndogo na nyundo, na nilipoviona vyuma nilirudi kwenye mapaja ya shangazi. Safari hii hapakuwa na maumivu, ila mishindo tu iliyopita mfupani mpaka sikioni. Alikuwa anaondoa ganda la mfupa lililolifunika jino. Lilipoonekana, hakulivuta. Msaidizi alikuwa amenieleza mapema kwamba jino lililolala ukilivuta zima unaweza kulivunja taya, kwa hiyo hupasuliwa hukohuko ndani. Nikasikia mlio mkavu. Akainua kichwa cha jino kwanza, halafu mizizi yake, akasuuza shimo, akaurudisha ufizi na kuushona kwa uzi.

Msaidizi alinipa vile vipande viwili katika kitambaa. Niliviunganisha mkononi. Lilikuwa jino la kawaida, zuri hata, halina tundu wala doa.

Mama alifika nikiwa bado nimevimba. Alikuwa ametembea kutoka Mvumi baada ya kusikia kwa wauza mtama kwamba binti yake yuko bomani peke yake. Alikaa chini mbele yangu, akanishika miguu, na kabla hajamaliza kuuliza hali nikamwambia.

"Mama, ungeniambia tu mwenyewe. Nisingekulaumu kwa kunificha."

"Kukuficha wapi?"

"Mimi si ndiye kigego?"

Mama aliangalia nyuma yake, kibarazani, kama kuna mtu. "Nani kakwambia?"

"Dada. Amewaambia wote."

Sijawahi kumwona mama akizeeka mbele ya macho yangu kama siku ile. Alivua ushanga wake wa mkononi, akauvaa tena.

"Wewe meno yako yalianza chini, kama ya watu," alisema. "Wewe sikukupeleka popote. Niliyempeleka kwa bibi yake ni yeye. Na anajua. Nilimwambia siku alipoolewa, ili ajihadhari na watoto wake."

Basi ndipo nikaelewa. Ugonjwa wa mama, mtungi wa maji, miaka ya milimani. Dada hakukosea wala hakubabaika siku ile mlangoni. Aliulizwa ni yupi, na alijua ni yupi, akanitaja mimi nikiwa sina mdomo. Nilionja kama damu mdomoni, nikafikiri jeraha limefunguka, lakini ilikuwa hasira.

"Nitakwenda kuwaambia," nilisema.

Mama alinishika miguu kwa nguvu zaidi. "Ana watoto watatu, mwanangu. Huyo mdogo ndiyo kwanza anaota meno. Wakimjua mama, watawatazama na watoto. Wewe bado huna mtoto."

"Na nyumba yangu je? Na mume wangu?"

"Utarudi kwangu. Nitakulea."

Alilisema kama mtu anayenipa zawadi. Nilimwonea uchungu na nilimchukia kwa wakati mmoja, na sijui hata leo kipi kilikuwa kikubwa. Alikuwa amemwokoa mtoto mmoja mara moja, na sasa alitaka kumwokoa tena mtoto yule yule, kwa gharama ya huyu mwingine.

Nyuzi zilipotolewa niliondoka kufuata reli kwa miguu, peke yangu. Njia nzima nilijifunza nitakachosema. Nilikisema kwa sauti, mdomo wazi, nikiwasemesha michongoma. Nilifika Bahi jua likiwa kali, na wote walikuwepo: mama mkwe, mume wangu, na dada aliyekuja kutwanga hapo na mtoto mgongoni. Dada alipoinua macho aliacha mchi ndani ya kinu.

"Mbukwa," alinisalimia, akiinama, yeye mkubwa akimsalimia mdogo wake kwa unyenyekevu. Nilijua ameshajua kwamba najua.

Niliitikia. Nilifungua kitambaa, nikaweka vipande vya jino juu ya ungo.

"Mjerumani amesema nini?" mama mkwe aliuliza bila kusogea.

"Amesema taya langu ni fupi. Jino lilikosa nafasi, likalala. Yeye mwenyewe alikuwa na meno ya hivyo."

"Na lile jambo jingine?"

Mdomo wangu ulikuwa mzima. Ningeweza kuufungua upana wa kupitisha ngumi. Mkono wa dada uliokuwa ukimpigapiga mtoto mgongoni ulisimama, na mtoto akanichungulia juu ya bega lake akicheka, ufizi wa juu mtupu, na kwenye ufizi wa chini kijino kimoja. Mkubwa wa watoto wake alikuwa amekaa miguuni pa mama yake akila makombo ya uwele. Nikamtazama mume wangu. Nilimpa nafasi. Kama angesema neno moja, hata jina langu tu, nadhani ningeyamwaga yote hapo na lolote lingekuwa.

Aliingia ndani, akatoka na jembe langu. Lilikuwa limeoshwa na mpini wake umekazwa upya. Alikuwa amelitayarisha siku nyingi, nirudi nalo kwetu.

"Lile jingine muulizeni aliyewaambia," nilisema, nikapokea jembe.

Dada alinifuata njiani, mbali na tembe, akitembea haraka mpaka mtoto akaanza kulia. Aliponifikia alishindwa kunishika.

"Asante, mdogo wangu," alisema.

Nimeshatukanwa maishani na watu wanaojua kutukana, lakini hakuna neno lililonichoma kama lile. Nilitua jembe chini.

"Fungua mdomo," nilimwambia.

Hakuelewa. Nikarudia. Akafungua, na mimi nikamshika kidevu, nikamgeuzia kwenye jua kama daktari alivyonigeuza mimi. Mbele, chini, lilikuwepo pengo letu, lile la chuma, sawa na langu. Nyuma yake meno yalikuwa yamepangana vizuri, meupe, kila moja na nafasi yake, kushoto na kulia, mpaka magego ya mwisho kabisa. Yote yalikuwa yamesimama.

Nilimwambia afunge. Nikaweka jembe begani, nikashika njia ya Mvumi.